Sauti Iliyoruka Mfereji

Ukijaliwa binti, mfundishe kuimba, lakini usimfundishe kuimba raha peke yake. Nekbakht wa malisho ya Warjo alimfundisha hivyo wa kwake, na haya ndiyo yaliyowakuta.

Kwao kuimba hakukuanza jana. Mama yake Nekbakht, Bibi Oimo, aliimba, na mama yake Oimo aliimba, na huyo naye inasemekana alijifunzia sauti kwenye mfereji wa maji unaopita juu ya kijiji. Alikuwa akirudi na mzigo wa kuni mgongoni huku akiimba, na penye mfereji mpana ilimbidi aruke. Kwa vile hakuwa mtu wa kunyamaza hata akiwa hewani, sauti ilididimia mguu ulipoinuka, ikakatika kidogo, kisha ikaibukia ng'ambo, juu kuliko ilivyokuwa. Mruko ule ukabaki ndani ya wimbo. Wimbo wenyewe una mistari mitatu tu kila zamu. Wa kwanza na wa pili kila mwanamke anaiweza. Mwisho wa mstari wa tatu ndipo ukoo huo ulipojulikana, na watu wakiwasikia walisema, "Hao, waruka mfereji." Wengi walijaribu kuwaiga, na sauti zao zikatumbukia majini.

Wimbo huu hauimbwi bondeni. Bondeni kuna wanaume na shayiri na magomvi ya zamu za maji. Unaimbwa juu, kwenye malisho, kiangazi, wanawake wanapopanda na mbuzi na kondoo na yaki, wale ng'ombe wa manyoya wa mlimani. Jioni, wanyama wakishakamwa na maziwa yakishatelekwa, mwanamke hutoka nje ya kibanda, huziba sikio moja kwa kiganja na kumwimbia aliye mbali: dada aliyeolewa kwingine, kaka aliye jeshini, mama aliye kaburini. Hauimbwi kuchezesha watu. Ni wimbo wa mtu anayemtaka mtu.

Na mbele ya Warjo kuna korongo, chini ya korongo kuna mto wa barafu uliopasukapasuka, na upande wa pili yako malisho ya Sarigaz, ya watu wa kijiji kingine. Jioni upepo ukilala, sauti inavuka. Mguu hauvuki. Kwa mguu ni kushuka mpaka daraja la kamba na kupanda tena, siku nzima na kipande cha pili yake, ama kupita juu ya barafu yenyewe kama huogopi nyufa. Kwa hiyo mtu wa Sarigaz ni jirani wa sikio na mgeni wa mguu.

Huko ndiko alikoolewa Zarnigor, binti pekee wa Nekbakht.

Asubuhi ya kuondoka, Nekbakht alimpaka bintiye unga begani kama ilivyo desturi, akamfukiza moshi wa majani ya mlimani kuzuia jicho baya, kisha akamvuta nyuma ya ghala.

"Sikiliza, mwanangu. Kiangazi utakuwa Sarigaz, nami nitakuwa Warjo. Tutaimbiana."

"Najua, mama. Unadhani nimempendea nini huyo Inoyat? Wale waliokuja kuposa kabla yake walikuwa na nyumba nzuri, lakini walikokaa husikiki."

"Acha mzaha. Ukiimba, imba raha. Umekula, umelala, mbuzi wamezaa. Basi. Lile korongo lina masikio mengi kuliko mbuzi wetu."

"Na nikiwa sina raha?"

"Azima."

Zarnigor alicheka. Mama yake hakucheka. Nekbakht alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe alipokuwa bibi arusi mgeni, njaa ilimuuma jioni moja akaimba kwamba mama mkwe wake analala na ufunguo wa pipa la unga. Kabla mwangwi haujarudi, kambi zote mbili zilishajua. Wanawake walicheka mpaka wakamwaga maziwa. Mama mkwe naye hakula tena mkate uliopita mikononi mwa Nekbakht, mpaka anakufa. Tangu siku hiyo Nekbakht aliuogopa mdomo wake, na alipozaa, akauogopa na wa mtoto.

Basi miaka ikaenda na raha ikaimbwa. Jioni ya kwanza ya kila kiangazi Nekbakht alitoka mapema, hata uji wa maziwa hajaonja, akasimama juu ya jabali. Sauti ikaja kutoka ng'ambo, nyembamba kama uzi lakini haikatiki:

"Mama, theluji ya kilele imeyeyuka,
mbuzi mweusi amezaa mapacha,
mkate nimekula, usingizi nimelala."

Na pale kwenye "nimelala" sauti ikadidimia, ikakatika, ikaibuka. Imeruka. Nekbakht akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu majira ya baridi.

Aliishi kibanda kimoja na wifi yake Dawlatbegim, mke wa kaka yake, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mbuzi na ulimi wa kukunia jungu.

"Mwanao kila mwaka mbuzi mweusi kazaa mapacha," Dawlatbegim alisema akisukasuka maziwa. "Huyo mbuzi hana haya? Hapumziki?"

"Wivu huo, wifi."

"Wivu wa nini? Mimi nataka siku moja aimbe kwamba mumewe anakoroma. Mtu anayeimba raha miaka yote, ama ni mwongo ama ni wa peponi."

Zarnigor akazaa mtoto wa kike, Mehri, na kiangazi kikafika ambacho Mehri alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Mwaka huo ndio mambo yalipobadilika.

Jioni ya kwanza sauti ilikuja nzito. Maneno yalikuwa yale yale, mkate na usingizi, lakini yalipita kama maji yanayopita penye majani yaliyoziba mfereji. Mruko ulikuwepo, lakini ulijikokota.

"Mwanao kameza sufi?" Dawlatbegim aliuliza.

"Ni mafua. Njia ya kwao ina vumbi."

Jioni zilizofuata sauti ilizidi kuwa nzito, kisha kukawa kimya, jioni mbili tatu, na Nekbakht akasema ni upepo. Halafu sauti ikarudi, nyeupe, safi kabisa, ya mtu mzima wa afya. Wanawake wa Warjo wakapiga vigelegele. "Kapona!" wakasema. Nekbakht naye akataka kupiga kigelegele, mkono ukaishia kifuani. Mstari wa tatu ulikwisha na mruko haukuwepo. Sauti ilifika ukingoni mwa mfereji ikasimama.

Hakumwambia mtu. Jioni iliyofuata aliimba kwa hila:

"Jicho langu, nikumbushe, nimesahau,
bibi yako Oimo mtoni alipoteza nini,
nikumbushe nipate kucheka."

Kila mtoto wa ukoo ule alijua kwamba Bibi Oimo alipoteza kiatu kimoja siku ya arusi yake akaingia kwa wakwe akichechemea. Jibu likaja baada ya muda mrefu:

"Mama, theluji ya kilele imeyeyuka,
mbuzi mweusi amezaa mapacha,
mkate nimekula, usingizi nimelala."

Nekbakht akaketi juu ya jabali.

"Umeona nini?" Dawlatbegim alimfuata na kikombe cha chai ya chumvi.

"Sijaona. Nimesikia. Yule siye Zarnigor."

"Kama siye yeye, nani basi? Jini?"

"Sijui. Labda amechoka. Labda kasahau habari ya kiatu."

"Asahau kiatu cha Oimo? Mimi si wa ukoo wenu na nimeshakisikia mpaka nimekichoka. Funga mkate, wifi, uende."

"Siwezi. Siagi haijaja."

Hapo ndipo penye fundo la habari hii. Kwao mama haendi kambini kwa wakwe wa bintiye mpaka aitwe, na wito wenyewe ni donge la siagi ya kwanza, lililofungwa kwenye gome la mti. Ukienda bila siagi ni kana kwamba umewaambia wakwe: nyinyi mmemtesa mtoto wangu, nimekuja kukagua. Ndoa zimevunjika kwa hilo. Kila mwaka siagi ya Sarigaz ilifika na mchungaji wa kwanza aliyepita darajani. Mwaka ule wachungaji walipita, na siagi haikuja.

Nekbakht akangoja. Mchana aligeuza jibini juani huku macho yako ng'ambo, akiona vibanda vya Sarigaz vidogo kama punje, na moshi, na vidoa vyeupe ambavyo ni mbuzi. Alijaribu kutambua kidoa kipi ni mwanae. Jioni aliimba, jibu likaja, safi, lisiloruka. Akawa anajibizana na mtu asiyemjua na kumwita jicho langu. Usingizi ukamtoka. Alijiambia habari mbaya haikosi miguu, ingekuwepo ingeshafika. Alijiambia mengi.

Asubuhi moja Dawlatbegim aliweka chini mpini wa kusukia maziwa.

"Hebu nikuulize. Hiyo siagi ikija, utaifanyia nini?"

"Nitaenda nayo, nitakula na wakwe."

"Na kama siku hiyo mwanao ni maiti, utampaka?"

Nekbakht aliinuka ampige. Mkono ulifika nusu, ukashuka. Aliingia ndani akatoka na mkate, kamba na fimbo.

"Usipite darajani," Dawlatbegim alisema, sauti imelegea sasa. "Darajani ni kesho. Tupite barafuni. Mimi natangulia, nikitumbukia utajua pa kutokanyaga."

Walivuka. Barafu ililia chini yao kama mlango wa zamani, na kwenye nyufa maji yalisikika yakienda mbali sana ndani. Nekbakht, aliyekuwa muoga wa kila kitu, hakukumbuka kuogopa. Alihesabu tu jinsi jioni zote zile alivyosimama juu ya jabali akiitazama barafu hii hii na kuiita ukuta.

Walipoibuka Sarigaz jua lilikuwa limepita utosini. Mtu wa kwanza kuwaona alikuwa Sultonbi, dada yake Inoyat, msichana mrefu aliyekuwa akitoa maziwa zizini. Ndoo ilimponyoka.

"Mama," alisema, kisha akaanza kulia kabla hajaulizwa. "Aliniapisha. Mimi nilikataa, aliniapisha kwa kichwa cha Mehri niimbe yale yale, nisiongeze neno."

Ni sauti ile ile. Nekbakht aliijua kwenye neno la kwanza.

Zarnigor alikuwa kibandani, ameketi, mgongo umeegemezwa kwenye magunia ya sufi kwa sababu akilala chali pumzi inakwama. Shingoni alikuwa na shali nzito, kiangazi hicho. Mehri alikuwa ameketi miguuni pake akipepea nzi. Nekbakht hakusalimia. Alipiga magoti akaifungua ile shali. Rovu, ule uvimbe wa koo, lilikuwa kubwa kama ngumi ya mwanamume, limevimba kuelekea ndani, koo limesukumwa upande.

Watu wa milima ile wanalijua rovu. Bibi wengi wanaishi nalo, wanalifunga kitambaa na kulifanyia utani. Lakini la Zarnigor lilikuwa limegeukia njia ya hewa.

"Tangu lini?" Nekbakht aliuliza.

"Kiangazi cha juzi lilikuwa kama kokwa la aprikoti." Sauti ilitoka kwa kukwaruza, kila neno na pumzi yake. "Cha jana, ulipokuja, kama yai. Nikalifunika shali."

"Na mbuzi wamezaa mapacha! Na usingizi umelala! Zarnigor!"

"Uliniambia niimbe raha, mama."

"Nilikuambia..."

"Nikakuuliza, nikiwa sina? Ukasema niazime. Nikaazima ya Sultonbi."

Nekbakht alishika mdomo wake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu ambacho kimeshatoka zamani.

Mama mkwe wa Zarnigor akaingia, mwanamke mzee mwenye huruma, mikono imejaa maziwa ya mgando. "Dada yangu," alisema, "sisi tulijua unajua. Anajifunika shali, anasema ni kifua. Na siagi alisema tusikuletee, ati mwenyewe umesema magoti yanakuuma mwaka huu, usiitwe. Tukajiuliza, mbona mama haji? Lakini kila jioni mnaimbiana, hata Sultonbi aliposhika zamu yake. Tukasema, mama mtu anamsikia mwanae, angekuwa na shaka angekuja."

Neno hilo ndilo lililomkata Nekbakht kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Alisikia.

Walimshusha kesho yake kwa njia ya daraja, amebebwa kwenye kiti kilichofungwa mgongoni mwa yaki, Mehri akishika mkia. Bondeni mumewe Inoyat alipata gari, na gari likawafikisha hospitali ya mjini. Daktari alikuwa kijana wa watu wa bonde la jirani, anazungumza taratibu. Alisema litakatwa na mgonjwa ataishi. Kisha akamwita Nekbakht pembeni. "Mama, mshipa wa sauti unapita pale pale. Likiwa dogo tunaukwepa. Hili limeumeza. Sitakuahidi sauti."

"Mpe pumzi," Nekbakht alisema. "Sauti nitajua mwenyewe."

Hakujua chochote. Zarnigor aliamka na pumzi nzuri, safi, akamtazama mama yake akafungua kinywa, na kilichotoka ni mnong'ono, kama unga unaomwagika. Ukabaki hivyo. Madaktari wakasema labda, labda. Majira ya baridi yakapita yote bila labda.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Zarnigor kifo kilimwacha, lakini kilichukua ada yake.

Kiangazi kilichofuata Nekbakht alipanda Warjo kwa kuwa mbuzi hawaelewi msiba. Jioni ya kwanza alikamua, akateleka, akakoroga, akaosha vyombo vilivyo safi. Wanawake wengine walitoka kuimba, mmoja mmoja, wakimwimbia huyu na yule. Jabali lake likabaki tupu.

"Toka nje," Dawlatbegim alisema.

"Nimwimbie nani? Hawezi kunijibu."

"Masikio pia yamekatwa?"

Nekbakht akatoka. Ng'ambo moshi ulikuwa unapanda. Alijua kwamba chini ya moshi ule mtu amesimama, kiganja sikioni, akingoja, na aliwaza jinsi ilivyo kusimama na wimbo mzima ndani ya kifua na usiwe na mlango wa kuutolea. Akaziba sikio. Mistari ya zamani ikamjia mdomoni, mkate na theluji. Akaitema. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa bibi arusi mwenye njaa, aliimba kilichokuwepo:

"Jicho langu, tangu jua lizame bondeni nakuwaza,
magoti yanauma na usingizi sina,
ningekuwa na bawa moja, hilo moja lingenitosha."

Sauti ikafika mfereji, ikaruka. Wanawake wa Warjo wote wakageuka, kwa maana hawakuzoea kumsikia hivyo. Korongo likarudisha mwangwi, kisha mwangwi ukaisha. Nekbakht aligeuka arudi ndani.

Ndipo kitu kikaja kutoka ng'ambo, kidogo, cha juu mno, hakijui hata kupima pumzi:

"Bibi, mama anatikisa midomo hasikiki,
leo amelia, uji ameuacha,
amesema nikuimbie amekula, mimi sitaki!"

Na mwisho pale, kwenye "sitaki", sauti ya Mehri ilididimia, ikakatika, wote wakadhani imetumbukia, na ikaibuka ng'ambo ya mfereji, imelowa kidogo, imesimama.

Kambini mtu mmoja alicheka. Mwingine akasema, "Mtoto huyu atawaaibisha watu," na Dawlatbegim akamgeukia.

"Nyamaza wewe! Hilo ndilo jambo la kwanza la kweli lililotoka Sarigaz tangu Mungu aumbe barafu."

Nekbakht alibaki juu ya jabali. Alitega sikio baada ya sauti ya mtoto, pale palipokuwa pa Zarnigor, kwa sababu zamani, mtoto wa ukoo ule alipojifunza, mama yake alimalizia naye mstari. Palikuwa na upepo tu. Alipasikiliza hata hivyo mpaka baridi ikamwingia miguuni. Kisha akaingia ndani, akafungua gunia na kuanza kukanda unga wa mikate ya safari.

"Unaenda wapi?" Dawlatbegim aliuliza, ingawa alikuwa ameshaishika kamba mkononi.

"Mwanangu hajala."

"Na siagi, wifi? Imekuja?"

"Ichukue wewe ukajipake," Nekbakht alisema, akaendelea kukanda.